Siku Walipokuja Kunizika

Mama Wandera,

Najua habari za huku zinawafikia huko mliko kupitia kwa wanaokufa, na wiki iliyopita amekufa yule mzee muuza tumbaku wa nyuma ya soko, mtu asiyeweza kusimulia jambo bila kulitia chumvi. Kabla hajakukuta, acha nikuambie mwenyewe. Ni kweli kikundi chetu cha kuzikana kilitoa sufuria za msiba kwa ajili yangu. Ni kweli walifunga turubai, wakawasha moto, wakalia. Na ni kweli wakati wote huo nilikuwa ndani, mzima, nikiwasikiliza.

Usicheke kwanza. Haya, cheka.

Unakumbuka tulivyoishi. Miaka kumi na moja tulipanga vyumba viwili vilivyogawana ukuta mmoja hapa Busia, upande wa Uganda, na kila asubuhi uliugonga ukuta huo kwa mwiko: "Fundi! Maji!" Maana yake amka, oga. Jioni ulikuja na kigoda chako, ukakaa mbele ya cherehani yangu na kunyoosha kiganja: "Leta." Nami nilitoa chote nilicholipwa siku hiyo, pesa za Uganda na za Kenya zimekunjamana pamoja, nawe ukazigawa: hii ya mwenye nyumba, hii ya chakula, hii ya vitambaa, hii ya kikundi cha kuzikana. Watu walidhani unaninyonya. Mmoja aliniambia waziwazi, "Huyo mama anakula wewe." Ningemwambia nini? Kwamba mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, ninayeweza kumkatia mtu gauni la gomesi kwa kumtazama tu akipita barabarani, siwezi kukaa na noti mfukoni tangu asubuhi hadi jioni? Kwamba nikiachwa peke yangu nausahau mwili wangu kama watu wanavyosahau mwavuli?

Wewe ulijua. Hukuniuliza kwa nini niko hivyo, na hukunisema kwa watu.

Ulipoanguka kwenye foleni ya maji na usiinuke tena, nilikushonea gomesi yako ya mwisho bila kuinuka kitini. Ya zambarau, mabega yamesimama wima. Tulikupeleka kwenu Buteba, na kila aliyekuaga alisema umependeza, nikajiona nimefanya jambo. Kisha Wandera wako akarudi Kampala, mwenye nyumba akakigeuza chumba chako stoo ya saruji. Mifuko ya saruji haigongi ukuta, Mama Wandera.

Basi nikaanza kuporomoka. Wachuuzi wa barabarani walinigundua upesi. Nadhani walipeana habari, maana walianza kupita kwangu kwanza kabla ya kufika sokoni. Nilinunua chupa tatu za chai wakati sina hata majani ya chai. Nilinunua saa ya ukutani inayowika kama jogoo. Nilinunua mkanda wa kiume. Wa nani? Hata muuzaji aliniuliza. Kodi ikalala mwezi, ikalala miezi miwili.

Na kuoga. Sitakuficha wewe uliyekuwa unanichemshia maji: niliacha. Nilinuka. Wateja walikuwa wakisimama mlangoni na kunitajia vipimo kwa mbali, nami nilijua kwa nini. Jioni nilikuwa naliangalia beseni, beseni linaniangalia, na ile safari ya kutoka kitandani hadi kwenye jerikani ya maji ikawa ndefu kuliko ya kwenda Jinja kwa miguu. Haikuwa huzuni ya msiba peke yake. Ule uzito ninao tangu usichana. Ni vile tu wewe ulikuwa umeuinua upande mmoja, nikaweza kutembea nao.

Ningeweza kumwambia mtu. Nafula, yule wa chapati, yuko hapo ng'ambo ya njia. Mama Barasa, mwenyekiti wetu wa kikundi, hupita kila siku na sauti yake inayotangulia kona. Lakini nilikuwa nikiwaona wanakuja, nazima redio, najifanya sipo. Mikutano ya Jumapili niliikwepa minne mfululizo. Mtu akiniuliza, nilisema nina oda nyingi kutoka Kenya. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Walichosahau kusema ni kwamba kilio chenyewe kinaweza kuja mapema.

Aliyenisukuma zaidi kitandani ni kaka yangu Opendi. Alipiga simu kutoka Tororo, nadhani mwenye nyumba ndiye alimtafuta. "Athieno, mimi nakuja kuchukua wewe," alisema. "Hiyo cherehani tunauza, tunalipa huyo mutu. Wewe utakaa nyumbani, utachunga mbuzi." Hakuna ubaya kuchunga mbuzi. Lakini ondoa cherehani, halafu uniambie mimi ni nani. Ni mtu wa kuambiwa kula, kuambiwa lala, mpaka nizeeke, kwa sababu mikono yangu ndiyo peke yake katika mwili huu inayojua inachofanya. Nilisema ndiyo, kaka. Nikazima simu, nikaingia ndani, nikalala.

Ila kabla ya kulala nilikuwa nimenunua samaki. Yule mama anayeleta samaki kutoka Majanji ziwani alipita na ngege wabichi, wanono, nami hujawahi kunijua nikimpita ngege. Nikachukua wawili, nikawaweka kwenye beseni chini ya meza ili niwapike baadaye.

Baadaye ilikuwa siku ya nne.

Asubuhi ya siku hiyo ya nne Nafula alikuja kugonga. Nilimsikia. Nilitaka kuitika, nikaona aibu: ningemfungulia nikiwa vile? Akagonga tena, kisha nikasikia anavuta hewa puani. Chini ya mlango ilikuwa inatoka harufu ya wale ngege. Simu imezimwa, mlango umefungwa kwa ndani, siku nne sijaonekana, na harufu ile. Kila mtu Busia anajua hesabu hiyo inatoka ngapi. Nafula alipiga ukelele mmoja nikasikia karai la chapati linaanguka.

Mama Barasa unamjua, hasubiri. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye bila yeye mlango wa marehemu hauvunjwi, alikuwa ameenda Tiira kusuluhisha ugomvi wa shimo la dhahabu. Basi wakaona wasipoteze muda. Sufuria zikatoka stoo ya kikundi, turubai likafungwa kati ya mlango wangu na kibanda cha Nafula, mtu akampigia Opendi simu, kuni zikaletwa, na wanawake wakaketi kwenye mikeka wakaanza kunililia.

Mama Wandera, umewahi kusikia unaliliwa? Swali la kijinga, samahani. Lakini wewe ulikuwa hujui chochote wakati ule, na mimi nilikuwa nimelala chali nikisikia kila neno. "Athieno wee! Nani atashona sisi sasa?" "Mikono ya huyu mutu ilikuwa dawa!" Mmoja alilia kwamba nilimshonea bintiye gauni la kipaimara nikakataa malipo. Sikukataa, nilisahau. Mwingine akadakia, akilia kweli, "Na mimi iko na deni yake ya gomesi mbili! Deni yake nitapeleka wapi?" Wa tatu akaungama yake. Kumbe nusu ya soko ilikuwa imevaa jasho langu, nami sikuwa hata na habari.

Nilisubiri mtu aseme kuhusu harufu, au uchafu, au zile noti nilizozitupa kwa wachuuzi. Hakuna aliyesema. Nilikuwa nimejificha miezi yote hiyo nikidhani watu wananiona kwa jicho lile ninalojiona kwalo. Machozi yakaniteremka mpaka masikioni. Na nitakuambia ukweli wote: sikutoka mara moja kwa sababu nilitaka wanisifu kidogo zaidi.

Kisha harufu ya wali wa msiba ikapita ile ya ngege, na siku nne nilikuwa sijala. Nikainuka. Nikafungua mlango.

Waliokimbia walikimbia. Kuna kiatu kimoja cha plastiki mpaka leo hakijapata mwenyewe. Nafula aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Aliyebaki wima ni Mama Barasa, mwiko mkononi, ananitazama kuanzia nywele mpaka vidole.

"Athieno. Wewe iko muzima ama wewe iko pepo?"

"Niko na njaa," nikasema.

Akanisogelea, akanivuta shavu kwa nguvu, nikapiga kelele, akaridhika. Halafu akageuka kwa wenzake na kutamka maneno ambayo nitayakumbuka mpaka siku nitakayokufa kikweli: "Basi ni sawa. Maji iko moto tayari."

Maji ya kuosha maiti. Walikuwa wameshayachemsha, jerikani mbili nzima. Wakazungusha shuka uani, wakaingia watatu nami, wakanisugua mgongo, wakanichambua nywele zilizoshikamana kama sufi. Hakuna aliyeziba pua. Mama Barasa alikuwa akiimba nyimbo za mazishi huku ananimwagia maji, kwa sababu ndizo zilizokuwa mdomoni, na Nafula alianza kucheka akashindwa kuacha, na mimi nikaangua kicheko kwa mara ya kwanza tangu tukuache Buteba. Ngege walitupwa mbali. Nikavalishwa gomesi ya mteja fulani, naomba asije akajua, nikapewa sahani ya wali na nyama chini ya turubai la msiba wangu.

Ndipo Opendi alipofika. Alikuwa amekodi pikapu kutoka Tororo ya kubeba mwili, maana mwanamke kama mimi asiye na mume huzikwa kwao. Alishuka analia kwa sauti, shuka jeupe begani, akapita waliokaa mikekani mmoja mmoja akiwapa mkono, wote wakimpokea kwa adabu, hakuna aliyejua aanzie wapi kumwambia. Akafika kwangu, akanipa mkono, akasema, "Pole sana, mama." Kisha akanitazama usoni.

Ilibidi apewe maji na upepo. Alipopata nguvu alinikumbatia, halafu akakasirika, halafu akawa Opendi. "Sawa. Motoka nimelipa ya kwenda na kurudi. Haiwezi rudi bure. Athieno, panda."

Nilikuwa na mfupa mkononi. Nilijua nikipanda ndio mwisho, na nilijua pia kwamba Opendi ana haki: mtu aliyekutwa vile hawezi kuachwa vile. Kwa maisha yangu yote nilikuwa na majibu mawili tu, "ndiyo kaka" na "mimi niko salama," na yote mawili ni uongo. Sijui nilipata wapi la tatu. Nikasema mbele ya mikeka yote: "Siendi. Lakini peke yangu siwezi. Siwezi kukaa na pesa, na siwezi kukumbuka kuoga wala kula. Mama Wandera ndiye alikuwa ananishika mkono, na amekufa. Nisaidieni."

Mama Barasa akapiga mwiko kwenye sufuria. "Umesikia, Opendi? Ameomba. Na sufuria ya kilio ikitoka stoo, haiwezi rudi siku hiyo hiyo. Hiyo ni sheria ya kikundi. Msiba ni siku tatu, kila siku kuna mwenye zamu ya maji, mwenye zamu ya chakula. Tutafanya siku tatu zote. Halafu tutaona kama zitaisha."

Hazijaisha mpaka leo.

Pikapu ilirudi Tororo na Opendi na ndoo ya wali. Aliacha sharti: mavuno ya mtama yakiisha atarudi, na akinikuta kama zamani, nitapanda. Wale walioungama madeni msibani, Mama Barasa aliwashika kabla hawajanyanyuka mikekani. Mbele ya mashahidi wote wale nani angekana? Kodi ikalipwa kabla turubai halijafunguliwa.

Sasa nikueleze ninavyoishi. Nafula anagonga asubuhi kabla hajawasha jiko lake, na haondoki mpaka asikie maji yanamwagika. Siku mbili kwa wiki mmoja wa kikundi anakula nami, au mimi naenda kula kwake, ili nisisingizie kwamba nimeshakula. Jioni mapato yangu yanaingia katika sanduku la kikundi, lile la kufuli tatu, ndani ya mfuko wenye jina langu. Ufunguo mmoja uko kwa Mama Barasa, mmoja kwa mwalimu mstaafu anayetuandikia vitabu, na wa tatu wakanipa mimi. Nilidhani wanatania. "Ni pesa yako," akasema Mama Barasa. "Hatutafungua wewe ukiwa haujui." Hata wewe hukuwahi kunipa ufunguo, Mama Wandera! Sikulaumu, nachokoza tu.

Yule mwalimu alinisindikiza pia kituo cha afya. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu akaja na boda imeshalipwa. Dada muuguzi wa pale aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu amewahi kuniuliza, kuhusu usingizi, kuhusu utoto, kuhusu ule uzito. Akasema una jina, na kwamba si uvivu, na kwamba hata walio na shule kubwa wanao. Narudi kila mwezi kuongea naye. Nilipotoka siku ile ya kwanza nilinunua miwa, nikala njia nzima kama mtoto aliyepasi mtihani.

Si kwamba nimekuwa malaika. Wiki ya tano nilimwaga maji chini bila kuoga ili Nafula asikie, akaingia akanikuta mkavu. Nilitukanwa mpaka upande wa Kenya wakasikia. Na kuna ngoma ya ngozi hapa ndani, niliyoinunua kwa mchuuzi, ambayo sitaki kuieleza. Wananitania kwenye mkutano, wananiita Marehemu. "Marehemu, leo umeoga?" Naitika. Mtu anayeniita Marehemu kila Jumapili ni mtu anayefurahi kwamba mimi si marehemu.

Opendi alirudi mtama ulipoisha, kama alivyosema. Alikagua kila kitu: jerikani, sufuria, risiti za kodi. Akakaa kitini mwa wateja, nami nikaendelea kushona. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamtazama kaka yangu kwa jicho la fundi. Kola yake ilikuwa nyeusi kwa uchafu. Vifungo vitatu havipo. Kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi wa katani, kucha ndefu, mashavu yameingia ndani. Mkewe alimwacha mwaka mmoja kabla ya wewe kufa, na sote tulijua, na hakuna aliyemuuliza anakula nini. Nikaelewa kwa nini alitaka sana nirudi nyumbani. Hasira ilinipanda kwanza: kumbe alitaka mpishi! Kisha ikashuka yenyewe, kwa sababu na mimi nilizima redio watu walipopita.

"Opendi," nikamwambia, "vua shati."

Akalivua. Nikalitia vifungo, nikalifua, na lilipokuwa kambani nikamtengea maji uani. Alikaa huko nyuma ya shuka kwa muda mrefu sana, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni sabuni. Jioni hiyohiyo nilimpeleka kwa Mama Barasa. Alisimama mlangoni anafinyangafinyanga kofia. "Mimi nauliza tu," akasema, "hii kikundi yenu, naona ni ya wamama."

"Sisi tunazika wanaume pia," Mama Barasa akamjibu. "Kaa chini, kula."

Sasa kila Jumapili anakuja kutoka Tororo, kola safi, na mfuko wake uko ndani ya sanduku ubavuni mwa wangu. Jumapili iliyopita alinong'ona kwamba amenunua saa inayowika kama jogoo. Damu haipotei, Mama Wandera.

Basi nikuache upumzike. Nimekulilia sana, na bado nitakulilia, ila siku hizi nalia nikiwa nimeshiba. Ahsante kwa ile miaka kumi na moja. Nisamehe kwa kudhani kwamba ni wewe peke yako ungeweza kunipenda hivyo. Nilikutwisha mzigo ambao watu ishirini walikuwa tayari kuubeba, laiti ningefungua mdomo.

Nami nakuahidi jambo moja, na wewe unajua ahadi zangu za pesa hazina maana lakini hii si ya pesa. Siku watakapozitoa tena zile sufuria kwa ajili yangu, na iwe kweli, hawatahitaji kuvunja mlango. Wataukuta wazi, na watanikuta nimeoga.

Ila usinitazamie upesi. Nina gomesi sita za kumaliza kabla ya Pasaka, na Nafula ameshaanza kugonga.

Ni mimi,
Athieno